Kamera Gani kwa Vitu Vidogo? Somo la Kupiga Picha za Sarafu, Shanga na Vijiwe vya Kale

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili pamoja na wenzetu wa Chama cha Historia tuna hoja moja ambayo bado haijakatwa. Tunataka kutengeneza kitabu cha picha za vitu vidogo vya kale: sarafu ambazo babu na nyanya zetu wameweka kwenye makopo, shanga kuukuu, na mawe yanayoonekana kuwa yamechongwa. Wengine wanasema michango yote iende kwa kamera moja kubwa. Wengine wanasema simu zinatosha. Michango yenyewe imetoka kwa wazazi ambao wengi wao ni watu wa kipato cha chini, kwa hiyo si halali kuitumia kwa kubahatisha. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi ya kuchagua kamera kwa kazi hii, ili siku ya kupiga kura kila mtu awe na hoja, si kelele.

1. KWA NINI TUPIGE PICHA

Sisi wa Nkoroi tunaishi kando ya Barabara ya Magadi. Ukiifuata barabara hii, upite Kiserian na uteremke Bonde la Ufa, utafika Olorgesailie, mahali palipo papa hapa katika Kaunti yetu ya Kajiado. Mwaka wa 1942 Louis Leakey na Mary Leakey walikuta pale mashoka ya mawe mengi ajabu yakiwa yametapakaa juu ya ardhi. Tangu mwaka wa 1947 pamekuwa makumbusho ya wazi. Mengine ya mashoka yale yana umri wa zaidi ya miaka milioni moja. Mwaka wa 2018 watafiti walitangaza kwamba katika bonde lilo hilo, miaka karibu 300,000 iliyopita, watu walikuwa wakitengeneza zana ndogo zaidi. Baadhi yake zilikuwa za obsidiani, yaani lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo, na jiwe hilo lilitolewa sehemu za mbali, kilomita 25 hadi 95.

Sasa fikiria. Walijuaje kwamba jiwe lilitoka mbali? Ni kwa sababu kila kipande kilijulikana kilikookotwa, kikapimwa na kulinganishwa na miamba ya kwingine. Kama mtoto mmoja angekitia mfukoni na kwenda nacho nyumbani, kingebaki kuwa kijiwe cheusi kizuri, basi. Na hapa kwetu ardhi inachimbwa kila siku: misingi ya nyumba, visima, mashimo ya vyoo, mitaro ya mabomba. Kitu kikitoka leo, kesho kimezikwa chini ya simenti. Picha nzuri ikipigwa kwa wakati huenda ikawa ndiyo kumbukumbu pekee itakayobaki.

2. SOMO KUTOKA KWA SARAFU ZA KILWA

Mfano wa sarafu ninaoupenda sana unatoka mbali. Mwaka wa 1944, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mwanajeshi wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu 9 katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Aliziweka miaka mingi. Mwaka wa 1979 alizitoa zikatazamwe na wataalamu, na kumbe 5 kati yake zilikuwa sarafu za shaba za Kilwa, mji wa Waswahili ulio kusini mwa pwani ya Tanzania! Nne nyingine zilikuwa za Waholanzi. Zilifikaje Australia? Mpaka leo wasomi wanabishana. Lakini jambo moja lilizipa sarafu zile thamani: Isenberg alikuwa ametia alama kwenye ramani kuonyesha mahali alipoziokota. Bila alama ile, hadithi yote ingekufa.

Hapa Kenya pia tunayo mifano. Mwaka wa 2010 wachimbaji wa kielimu walipata huko Mambrui, karibu na Malindi, sarafu ya Kichina ya wakati wa Mfalme Yongle. Mwaka wa 2013 nyingine ya mfalme huyo huyo ilitangazwa kuwa imepatikana kisiwani Manda, Lamu, na kundi lililoongozwa na Chapurukha Kusimba pamoja na Sloan Williams. Sarafu za Yongle zina tundu la mraba katikati na maandishi manne kuzunguka tundu hilo. Maandishi ndiyo yaliyotaja mfalme, na mfalme ndiye aliyetupa karne. Kwa hiyo picha ya sarafu isiyosomeka ni sawa na barua iliyolowa maji: bahasha unayo, habari huna.

Kutokana na mifano hii tunapata kipimo chetu. Kamera nzuri kwetu ni ile itakayofanya maandishi yasomeke.

3. MASWALI MANNE YA KUIULIZA KAMERA

Swali la kwanza: Inaweza kukaribia kiasi gani?
Kila lenzi ina mpaka wake. Ukiipita hapo, picha inakuwa na ukungu hata ungefanya nini. Simu nyingi, kwa lenzi yake kuu, huanza kukataa ukifika karibu sentimita 10. Jambo la kutazama ni upana wa eneo linalojaa kwenye picha wakati umekaribia mwisho kabisa na picha bado ni safi. Weka rula mezani, piga, uhesabu ni milimita ngapi zimeingia. Namba hiyo inakwambia mengi kuliko matangazo yote ya dukani.

Swali la pili: Kila milimita inapata nukta ngapi?
Picha ya kamera ya siku hizi imejengwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Tuseme simu inatoa picha yenye nukta 4,000 kwa upana, na eneo lililoingia ni milimita 100. Gawanya: 4,000 kwa 100 ni nukta 40 kwa kila milimita. Sarafu yetu ya shilingi 10 ina upana wa kama milimita 23, kwa hiyo itapata 23 mara 40, yaani nukta 920. Wachapishaji hupenda nukta 300 kwa inchi moja ya karatasi. Basi sarafu hiyo inaweza kuchapwa kwa upana wa inchi 3 bila kuharibika. Kwa kitabu chetu hiyo inatosha na kubaki.

Lakini sasa chukua shanga yenye upana wa milimita 3. Itapata nukta 120 tu. Ukiichapa kwa upana wa inchi moja tayari imeanza kuonekana kama tofali. Hapo simu imeshindwa, na kusema ukweli si dhambi.

Angalia pia usidanganywe na hesabu kubwa kubwa. Simu zinazoandikwa nukta milioni 50 mara nyingi huunganisha nukta nne kuwa moja, kisha zikakupa picha ya nukta milioni 12 na kitu. Na zile simu za bei rahisi zenye lenzi maalum ya "makro" ya nukta milioni 2, mara nyingi lenzi kuu ukirudi nyuma kidogo itakupa picha bora kuliko hiyo makro yenyewe.

Swali la tatu: Inaacha nafasi ya mwanga?
Kukaribia mno kuna hasara yake. Lenzi ikiwa sentimita mbili kutoka kwa sarafu, kivuli cha kamera kinaangukia sarafu na giza linaingia. Ndiyo maana wapigaji picha wa sarafu hupenda lenzi inayokuza huku ikiwa mbali kidogo. Unabaki na nafasi ya kupitisha mwanga kando.

Swali la nne: Inaweza kutulia?
Ukikuza kitu, unakuza na mtetemeko wa mkono wako. Tena ukikaribia, kina cha sehemu inayoonekana wazi kinapungua sana, pengine kikawa chini ya milimita moja. Sarafu ni bapa, kwa hiyo inavumilia. Shanga ya mviringo au ncha ya obsidiani haivumilii: mbele inaonekana, nyuma ni moshi. Tafuta kamera inayokubali kupunguza tundu la lenzi (namba 8 au 11 zinafaa), inayoweza kufungwa kwenye tripodi, na yenye kipima muda cha sekunde mbili ili ijipige yenyewe bila kuguswa.

4. AINA TATU ZILIZO MBELE YETU

(a) Simu. Sote tunajua simu haziruhusiwi shuleni, lakini walimu wanazo, na sisi wa shule ya kutwa jioni tunarudi nyumbani kwa wazazi. Simu ya kawaida inafaa kwa sarafu zote za Kenya, kwa sarafu za zamani za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, na kwa kipande chochote kinachozidi sentimita mbili. Haifai kwa shanga ndogo. Baadhi ya simu za bei ya juu zinakaribia hadi sentimita mbili kwa lenzi yake pana, lakini kumbuka swali la tatu, kivuli.

(b) Kamera ndogo ya mfukoni. Nyingi zina alama ya ua dogo, na ua hilo maana yake ni picha za karibu. Ziko zinazokaribia hadi sentimita moja, mfano aina za Olympus TG, ambazo pia hazijali vumbi wala maji. Kwa mtu wa Nkoroi wakati wa kiangazi, hilo la vumbi si jambo la kupuuza. Udhaifu wake ni kile kivuli tena.

(c) Kamera ya kubadilisha lenzi. Hii ndiyo inayotajwa na wale wanaotaka "kamera kubwa". Wasichosema ni kwamba kamera kubwa ikiwa na ile lenzi ya kawaida inayouzwa nayo inaweza kuifanyia sarafu kazi isiyozidi sana ya simu. Nguvu yake inakuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni lenzi ya makro ya kweli, ambayo huweka taswira ya kitu kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi, yaani moja kwa moja. Njia ya pili ni mirija ya kurefusha, vipete vitupu visivyo na kioo vinavyowekwa kati ya kamera na lenzi.

Hesabu ya mirija ni rahisi: gawanya urefu wa mrija kwa urefu wa fokasi ya lenzi. Mrija wa milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50 unaongeza ukuzaji wa nusu. Kihisi chenye upana wa milimita 23.5 kwa ukuzaji wa nusu kitapokea eneo la milimita 47. Kamera ikiwa na nukta 6,000 kwa upana, tunapata karibu nukta 128 kwa kila milimita, zaidi ya mara tatu ya simu yetu. Kwa lenzi ya makro ya moja kwa moja tunafika nukta 255. Sasa ile shanga ya milimita 3 ina nukta zaidi ya 760, na hata mkwaruzo wake utauona.

Tahadhari mbili. Mirija isiyo na viunganishi vya umeme ni rahisi, lakini kwa lenzi nyingi za kisasa utashindwa kubadilisha tundu la lenzi. Pili, usibadilishe lenzi nje upepo ukivuma. Vumbi likiingia kwenye kihisi, kila picha itakuwa na madoa.

5. JARIBIO LA HARAMBEE

Ukienda kununua, kamera mpya au ya mtumba, beba sarafu ya shilingi moja na rula. Sarafu zetu za sasa, zilizotolewa tarehe 11 Desemba 2018, zina mnyama upande mmoja: twiga kwa shilingi 1, kifaru kwa 5, simba kwa 10 na ndovu kwa 20. Upande wa pili una nembo ya taifa, na chini ya nembo kuna neno HARAMBEE kwa herufi ndogo sana. Piga picha upande huo. Kisha ikuze kwenye kioo cha kamera. Kama neno HARAMBEE linasomeka herufi kwa herufi, kamera imefaulu mtihani wa sarafu. Kama ni mstari wenye chenga, rudisha mfukoni pesa zako na umwage muuzaji kwa heshima.

6. KAMERA SI KITU BILA MWANGA

Hapa ndipo wengi tunapotupa pesa. Kamera ghali na flashi ya usoni huifanya sarafu iwe duara jeupe. Zima flashi. Weka meza karibu na dirisha, mwanga uingie kutoka upande mmoja, chini chini, kama jua la saa kumi na mbili na nusu asubuhi linavyopita juu ya vilima vya Ngong na kuonyesha kila bonde. Mwanga wa kulala namna hiyo hufufua maandishi yaliyolika. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga kidogo. Sarafu mpya inayong'aa mno, weka karatasi nyembamba kati yake na dirisha ili mwanga ulainike.

Mengine ni haya:
– Kamera itazame sarafu wima kabisa. Weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa sarafu. Lenzi ikijiona katikati ya picha, umenyooka.
– Piga pande zote mbili, na rula iwe kando kila mara. Picha bila kipimo haisemi kama ni shanga au tikiti.
– Usiisugue sarafu kwa mchanga, ndimu wala majivu. Kutu ni sehemu ya historia yake, na ukiisugua unaondoa na maandishi.
– Tripodi ikikosekana, fundi wa mbao anaweza kutengeneza kijimeza chenye tundu juu la kuwekea simu.

7. KITU KIKIWA BADO ARDHINI

Huu ni mlango tofauti, na walimu wetu wa Historia wametusisitizia. Sarafu ya nyanya ni mali ya nyanya. Omba ruhusa, piga, rudisha. Lakini ukikuta jiwe la kuchongwa, mfupa uliogeuka jiwe au sarafu ya kale mtaroni, usikimbilie kuichimbua. Piga picha ya kwanza ukiwa mbali ili mti au ukuta uonekane. Piga ya pili karibu, na rula kando, kitu kikiwa palepale. Andika tarehe na mahali. Kisha mwambie mwalimu au chifu, habari ifike Makumbusho ya Taifa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka wa 2006 inamtaka anayegundua kitu cha namna hiyo atoe taarifa katika siku 7, akitaja mahali hasa. Kuchimba bila kibali ni kosa. Kule Olorgesailie pia, mawe ya chini ni ya kutazamwa na kupigwa picha, si ya kubebwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, picha yenye ramani ya mahali wape wanaohusika, usiisambaze kila kona. Wapo watu ambao wakiona picha hawaoni historia, wanaona bei.

8. PENDEKEZO LANGU

Wanachama wenzangu, hesabu tumeiona. Karibu vitu vyote ambavyo kitabu chetu kinataka sasa hivi ni sarafu, na sarafu zinatoshwa na simu nzuri ya mwalimu mmoja, kijimeza cha mbao, rula, karatasi nyeupe na dirisha. Napendekeza tuanze hivyo muhula huu na sehemu ndogo tu ya michango. Zilizobaki ziwekwe. Tukifikia shanga na vijiwe vidogo, tununue kamera ya mtumba ya kubadilisha lenzi, na pesa nyingi ziende kwa lenzi ya makro, si kwa jina la kamera. Wale wanaotaka kamera kubwa leo nawaheshimu, lakini nawaomba kwanza watupe jibu la swali moja: itaongeza nukta ngapi kwa kila milimita?

Haba na haba hujaza kibaba. Picha kumi zinazosomeka, zenye kipimo, tarehe na mahali, ni bora kuliko mia za kupendeza zisizojulikana zilikotoka.

ZOEZI

1. Simu ina picha yenye nukta 4,000 kwa upana, na eneo lililoingia ni milimita 80. Sarafu ya milimita 20 itapata nukta ngapi?
2. Mrija wa milimita 20 umewekwa kwenye lenzi ya milimita 50. Umeongeza ukuzaji wa kiasi gani?
3. Piga picha ya sarafu moja ukitumia mwanga wa juu, kisha mwanga wa kulala kutoka dirishani. Eleza tofauti kwa sentensi tatu.
4. Jadilianeni: "Mahali kitu kilipookotwa pana thamani kuliko kitu chenyewe." Tumieni mfano wa sarafu za Kilwa.

(Majibu: 1. Nukta 1,000. 2. Ukuzaji wa 0.4. La 3 na la 4 mpeleke kwa mwalimu mlezi wa chama.)